Ushahidi Wetu Umejazwa Kwenye Mashimo ya Barabara



Leo hatuzungumzii kamatakamata, wala vitambulisho, wala kesi iliyoko mahakamani. Leo tunazungumzia vigae. Ndio, vigae vya vyungu vilivyovunjika. Msicheke, someni mpaka mwisho.

Mwaka jana, baada ya swala ya alasiri, nilipigiwa simu na kijana mmoja wa mtaani. Kulikuwa na mjengo karibu na ukuta wa msikiti wa kale, ule ambao sisi tuliokulia pale tunauita gofu tu, tulikuwa tukicheza kibe ndani yake. Mafundi walikuwa wanachimba shimo la choo. Kijana akaniambia, "Njoo uone, wanatoa vitu."

Nilipofika, shimo lilikuwa limenipita kimo. Pembeni kuna rundo la udongo mweusi umechanganyika na chokaa, na ndani yake vigae vingi, shanga ndogo ndogo, maganda ya chaza, na mifupa. Lori lilikuwa limeshapiga safari mbili. Nikamuuliza fundi udongo unapelekwa wapi. Akanijibu bila ubaya wowote, "Tunajaza mashimo kule barabarani. Hizi ni taka za kale, hazina kazi."

Vijana wawili walikuwa wakiokota shanga na kuzitia mfukoni. Mmoja alishapiga picha, anasema akiiweka mtandaoni mzungu atakuja na pesa. Mzee mmoja wa mtaa, amekaa kwenye jiwe, ameshika kigae kimoja chenye rangi ya kijani iliyoingia buluu, kinang'aa kama kioo. Akanionyesha. "Mwanangu, hiki si cha juzi," akasema. Hakuongeza neno.

Nikaanza kupiga simu. Ofisi ya kwanza ikaniambia hiyo si kazi yao, nijaribu nyingine. Ya pili ikaniambia niandike barua. Ya tatu haikushika. Mtu wa kuja kuangalia alipatikana siku ya nne, na siku hiyo choo kilikuwa kimeshafunikwa zege.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Kijana wetu akikamatwa usiku, sisi tunajua la kufanya. Tunajua kituo gani, tunajua kuuliza nambari ya OB, tunajua wakili wa kupigiwa hata saa nane za usiku, tunajua saa ishirini na nne za katiba zinahesabiwaje. Tumejifunza kwa machungu. Lakini siku historia ya babu zetu ilipokuwa ikibebwa na lori mbele ya macho yetu, hakuna hata mmoja wetu aliyejua sheria inasema nini. Mimi mwenyewe, niliyesimama mbele ya watu mara ngapi nikisema haki zetu, haki zetu, nilisimama pale kama mgeni.

Kwa hivyo nikaenda kusoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

Kigae ni ushahidi

Kila mara Muislamu wa Pwani au wa Kaskazini alipokwenda kutafuta kitambulisho, aliulizwa babu yake alitoka wapi. Kila mara kesi ya ardhi inapoanza, tunaulizwa mlikuja lini. Tunajibu kwa mdomo, kwa sababu karatasi hatuna. Na ardhi yenyewe ina majibu, ila hatuyatunzi.

Chukueni mfano wa Shanga, kule kisiwa cha Pate. Kati ya 1980 na 1988, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walifukua chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa wa mji ule. Chini ya msikiti wa mawe wakakuta msikiti mwingine mdogo zaidi, na chini yake mwingine, na mwingine. Ule wa mwanzo kabisa ulikuwa wa miti, wa kutosha watu wachache tu, na umri wake ni wa mwishoni mwa karne ya nane. Yaani hapa kwetu watu walikuwa wakiswali zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Wakakuta na visarafu vya fedha, vidogo kama ukucha, vyenye maandishi ya Kiarabu.

Lakini hebu fikirini ule msikiti wa miti ulipatikanaje. Miti yenyewe ilikuwa imeoza zamani. Kilichobaki ni alama za nguzo kwenye udongo, mabaka ya rangi tofauti, basi. Waliokuwa wakifukua walikwenda taratibu, tabaka kwa tabaka, wakipima na kuchora kila baka. Mwenye trekta angeona udongo tu. Kwa dakika kumi angefuta msikiti wa miaka 1,200, kisha akaenda kunywa chai.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la wale vijana wa shanga, na kosa langu pia. Mimi nilidhani thamani iko kwenye kile kigae cha kijani. Kumbe thamani iko kwenye pale kilipokuwa: kina gani, karibu na nini, juu ya nini na chini ya nini. Tunaojua mambo ya mahakama tutaelewa upesi. Askari akileta bunduki mbele ya hakimu, wakili wetu anauliza: ilipatikana wapi, na nani, saa ngapi, imekaa wapi mpaka leo, nani ameishika? Akikosa majibu, ushahidi unatupwa. Kigae ni hivyo hivyo. Kikishatoka ardhini bila mtu kuandika kilikotoka, kinageuka pambo la kuwekwa juu ya televisheni.

Kufukua si mwisho wa kazi

Wengi tunadhani vitu vikishachukuliwa na wataalamu vimepona. La. Hapo ndipo safari ya pili inaanza, na safari hii haina kamera wala wageni.

Kila kitu kinachotoka ardhini kinatakiwa kisafishwe kwa njia yake, kipewe nambari, kiandikwe kwenye daftari, kitiwe kwenye mfuko wenye lebo, kiwekwe kwenye sanduku lenye lebo, na sanduku liwekwe kwenye rafu inayojulikana. Michoro, picha na madaftari ya waliofukua navyo vitunzwe, kwa sababu shimo likishafukuliwa halirudi. Hizo karatasi ndizo shimo lenyewe sasa. Daftari likiliwa na mchwa, ni kama mahali pale hapakufukuliwa, palivunjwa tu.

Na Pwani yetu mnaijua. Chumvi, joto, unyevu. Chuma kilichotoka kwenye udongo wa chumvi kinaendelea kuliwa na kutu hata kikiwa kabatini. Mfuko wa karatasi unachanika, lebo inafifia, panya anaingia. Lebo ikipotea, nambari ikafutika, tunarudi kule kule kwa pambo la televisheni. Mbao zilizokaa baharini ndizo ngumu zaidi, zikikaushwa ovyo zinapasuka na kujikunja. Wataalamu wa Fort Jesus wanalijua hilo, kwa sababu kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi walitoa maelfu ya vitu kwenye meli ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome ile 1697 wakati Waomani wameizingira. Ilibidi vitu vile vitunzwe kwa dawa na kwa subira, na vinahitaji kuangaliwa mpaka leo.

Kazi hii inataka watu, masanduku, umeme na bajeti ya kila mwaka. Hakuna mwanasiasa anayekata utepe wa stoo. Pesa za kufukua zinaweza kutoka kwa wafadhili wa nje, misimu miwili mitatu, kisha wageni wanapanda ndege. Stoo inabaki na sisi. Kwa hivyo tukisikia kuna mradi wa kufukua mahali petu, swali la kwanza lisiwe mtatuajiri wangapi. Swali la kwanza liwe: vitu vitakaa wapi baada ya miaka kumi, na nani atalipia?

Sheria inasemaje

Sheria iko. Ni Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006. Nawapa kwa lugha ya barazani.

Kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa malikale. Vilivyolala ardhini ni mali ya serikali, kwa hivyo yule kijana wa shanga alikuwa akiokota mali ya umma, na mwenye lori alikuwa akiibeba. Anayegundua kitu cha kale anatakiwa atoe taarifa kwa Makavazi ndani ya siku saba. Hakuna ruhusa ya kufukua bila leseni, na hakuna ruhusa ya kupeleka malikale nje ya nchi bila kibali. Hata mlango: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 inalindwa kisheria. Fikirini ni milango mingapi ya miji yetu imeng'olewa usiku na kuishia hotelini au ughaibuni.

Ila sheria hii ina tundu, na sisi hasa linatuhusu. Kwenye tafsiri ya malikale, vitabu na hati vimeachwa nje. Sasa sisi watu wa Pwani, nusu ya urithi wetu ni vitabu! Misahafu iliyoandikwa kwa mkono, vitabu vya fiqhi, tenzi kwa herufi za Kiarabu, barua, hati za wakfu. Waziri anao uwezo wa kutangaza vitu maalumu vilindwe, lakini mpaka atangaze, kigae cha chungu kina ulinzi kuliko msahafu wa babu yako. Kurekebisha hilo ni kazi ya Bunge, na wabunge tunao.

Kisha katiba. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Ibara ya 44 inampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wake. Jedwali la Nne limegawa kazi: makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yako kwa serikali kuu, na makavazi ya kaunti yako kwa kaunti. Mgawo huu kwenye karatasi ni mzuri. Kwa uhalisia umekuwa mchezo wa mpira. Ukienda kwa kaunti unaambiwa ni ya Nairobi, ukienda kwa wa Nairobi unaambiwa kaunti ndio waliotoa kibali cha ujenzi. Na katikati, lori linapiga safari ya tatu.

Wala tusiseme mahakama haziwezi kusikia mambo haya. 2018, Mahakama Kuu kule Malindi iliamua kesi ya wavuvi wa Lamu juu ya bandari mpya, na pamoja na mazingira na uvuvi, majaji wakasema haki za kitamaduni za watu wa Lamu zimevunjwa. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Ni watu wa kawaida waliokwenda mahakamani, na wakasikizwa.

Hofu ya ardhi

Najua kuna wanaosoma hapa wakisema moyoni: wewe unatuletea balaa. Tukitangaza kuna malikale shambani, serikali itakuja na bikoni, na sisi tutafukuzwa.

Hofu hii si ya kipuuzi. Pwani tumeshafukuzwa kwa jina la kila kitu: kwa jina la hoteli, la msitu, la bandari. Ndio maana watu wengi wakikuta kitu wanafukia kimya kimya. Mimi siwalaumu. Lakini kufukia hakutulindi. Kunampa nguvu yule anayesema hapa palikuwa pori tupu.

Waziri hawezi kutangaza mahali kuwa pa kulindwa kwa siri. Ni lazima atangaze kwenye gazeti rasmi la serikali, na wenye pingamizi wana haki ya kuliandika na kulipeleka. Na Ibara ya 40 ya katiba inasema mali ya mtu haichukuliwi kwa manufaa ya umma bila fidia ya haki, tena ya haraka, na inaacha mlango wazi kwa anayekaa kwa nia njema bila hati. Kwa hivyo tuombe yote mawili kwa pamoja: mahali palindwe, na wanaokaa pale wasiwe wa kwanza kulipa gharama ya ulinzi huo. Mwenye kutuambia tuchague moja anatuuzia uongo.

Kule Gede, kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mahali pale palitangazwa kuwa pa kulindwa tangu 1927, na ufukuaji ukaanza 1948 chini ya James Kirkman. 2024 Gede ikaingia kwenye Urithi wa Dunia. Sifa hiyo ni yetu sote. Swali letu kwa wakubwa ni dogo: kijana aliyezaliwa pale jirani, anapata nini kwenye tiketi ya mgeni? Amefundishwa kutembeza wageni? Amefundishwa kutunza vigae? Au anauza maji nje ya lango tu?

Mifupa

Hili naliandika kwa tahadhari.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba uliofanywa kwenye mifupa ya watu 80, wengi wao wa Pwani ya Afrika Mashariki, wakiwemo waliozikwa Mtwapa, Manda na Faza. Ulionyesha kuwa wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika upande wa mama na, upande wa baba, wengi walikuwa na asili ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Watu wakabishana mitandaoni wiki nzima, huyu akisema tumewaambia, yule akisema uongo.

Mimi sina ugomvi na elimu. Dini yetu haituzuii kujua. Lakini dini yetu inalinda heshima ya maiti, na wale waliozikwa wameelekezwa kibla ni ndugu zetu, hata kama majina yao hatuyajui. Mfupa si kigae. Kila anayetaka kugusa kaburi, awe mtafiti au mkandarasi, aje kwanza kwa wazee na maimamu wa mahali hapo, aeleze kwa Kiswahili anatafuta nini, atachukua nini, na ataurudisha lini ardhini. Na matokeo yakitoka, yaje kusomwa barazani kwetu kabla hatujayasoma kwenye simu.

Na makaburi mengine bado yako hai. Takwa, kisiwani Manda, mji ulihamwa karne tatu zilizopita, lakini watu wa Shela wanakwenda mpaka leo kwenye kaburi la mnara kuomba dua ya mvua. Mtunzaji wa mahali kama pale akiweka uzio na kusema "ni la watalii tu", amehifadhi mawe na ameua kilichoyafanya yawe na maana.

Na sisi wenyewe?

Sasa tugeuze kidole, maana tukiilaumu serikali peke yake tutakuwa wanafiki.

Nani aliyebomoa mihrabu ya matumbawe iliyochongwa kwa mkono akaweka vigae vya dukani? Ni kamati zetu za misikiti. Mfadhili amekuja, anataka msikiti mpya wenye jina lake, na sisi tumeitikia. Nani anayetoa mawe kwenye magofu kwenda kuchoma chokaa? Ni sisi. Nani aliyechoma kasha la vitabu vya marehemu babu kwa sababu yameingia mchwa? Ni sisi, tena wengine kwa nia njema, tukiona ni afadhali kuchoma kuliko majina ya Mwenyezi Mungu kukanyagwa.

Ipo njia bora. Msikiti wa Riyadha kule Lamu ulikubali vitabu vyake vya kale vipigwe picha za kidijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Elimu ikaenda duniani bila vitabu vyenyewe kwenda.

Linganisheni na ngadji, ngoma tukufu ya Wapokomo. Maafisa wa kikoloni waliichukua 1902, na tangu 1908 imo British Museum, London, stooni. Linganisheni na vigango vya Wamijikenda, vilivyong'olewa makaburini vikauzwa mpaka makavazi ya Marekani, na vingine vikarudi baada ya miaka ya kupiganiwa. Hayo si mambo ya Waislamu peke yao, na wala hatuyaulizi dini. Aliyeibiwa ni jirani yetu. Tunaposema haki, tuiseme na kwa jirani. Ila tukidai vya London virudi, tuwe na jibu siku tutakapoulizwa: vile vilivyoko nyumbani mnavitunzaje?

Tunachodai

Kwa serikali za kaunti za Pwani na kwa Makavazi ya Kitaifa, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno:

1. Nambari moja ya simu katika kila kaunti, ya kupokea taarifa za vitu vya kale, na mtu wa kufika ndani ya siku mbili. Si siku nne.

2. Hakuna kibali cha ujenzi karibu na magofu, makaburi ya kale au msikiti wa kale bila mtaalamu wa akiolojia kukagua kwanza. Tathmini ya mazingira ipo kisheria tangu 1999, isiwe karatasi ya kupigwa muhuri tu.

3. Orodha ya vitu vilivyotoka kwetu na vilivyoko stooni, iwekwe wazi kwa Kiswahili. Ramani kamili za mahali pasipo na mlinzi zisiwekwe, tusiwape wezi njia. Lakini mwananchi wa Pate ajue vya Pate viko wapi.

4. Fungu la stoo na la watunzaji kwenye bajeti ya kaunti, kila mwaka. Wawakilishi wa wadi, tutawauliza.

5. Sheria ya 2006 irekebishwe, vitabu na hati za kale ziingizwe.

Na wewe ukikuta kitu

Simamisha kazi. Usioshe, usiokote, usihamishe. Piga picha ukiwa umeweka kalamu au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Andika mahali, kina na tarehe. Toa taarifa kwa maandishi ndani ya siku saba, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikiwa ni mifupa, funika kwa kitambaa, muite imamu, muite chifu na polisi, maana huwezi kujua kama ni ya zamani au ni ya juzi. Usiweke mahali hapo mtandaoni. Ukishaweka, wa kwanza kufika ni mwenye gunia.

Kamati za misikiti: kabla hamjabomoa, pigeni picha kila ukuta, kila maandishi, kila mlango. Ni kazi ya alasiri moja na simu moja. Kisha muulize kama ni lazima kubomoa.

Yule mzee wa kigae cha kijani alikuja nyumbani kwangu baada ya siku chache. Alikuwa amekifunga kwenye leso. Akaniambia kimemnyima usingizi, anaona kama amechukua amana ya mtu. Tukaandika pamoja alipokiokotea, kwa kadiri tulivyoweza kukumbuka, tukakipeleka pamoja na barua. Tulifika siku ya tisa. Tulichelewa, na tuliandika ukweli kwamba tumechelewa. Nakala ya barua yenye muhuri iko kwenye faili letu, kando ya faili za vijana waliokamatwa.

Vilivyobaki viko barabarani. Nikipita pale baada ya mvua, naviona vikichomoza kwenye tope, na magurudumu ya bodaboda yakivisaga. Havitarudi. Lakini mtaa mwingine, wiki hii, kuna mtu anachimba msingi. Sambazeni ujumbe huu umfikie kabla ya lori.

Wabillahi tawfiq.